Betri za kioo bado ziko mbali, mkulima wa Singida atunze aliyonayo

KWA mfanyabiashara wa Iramba, Mkalama au Ikungi anayetegemea umeme wa jua kuchaji simu, kunyolea au kuwasha taa za duka, gharama inayouma zaidi si ya paneli bali ya betri. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi isiyotunzwa hufa ndani ya miaka miwili au mitatu, na fedha ya kununua nyingine hutoka kwenye magunia ya alizeti au vitunguu.

Ndiyo maana habari za betri zisizo na maji ndani zinavutia. Hata hivyo, si sababu ya kuahirisha ununuzi.

Kioo kinachopitisha chaji

Ndani ya betri ya kawaida, chaji husafirishwa na asidi iliyochanganywa na maji, ambayo humwagika, hukauka na kuunguza ngozi. Watafiti wanatafuta kitu kigumu cha kufanya kazi hiyo. Kimojawapo ni kioo cha floraidi, kilichogunduliwa mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa. Hakitengenezwi kwa mchanga kama kioo cha dirisha, bali kwa floraidi za metali kama zirkoni na bari. Chembe ndogo za floraidi zenye chaji, yaani ioni, huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine ndani yake.

Tatizo ni kasi. Hata kikipashwa moto hadi nyuzi joto 200, kioo hicho hupitisha chaji kwa kiwango kilicho chini ya kile cha asidi ya betri kwa mamia ya maelfu ya mara. Mwaka 2011 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha betri ya floraidi inayochajiwa tena, wakitumia floraidi isiyo kioo, lakini ilihitaji nyuzi 150. Mwaka 2018 kundi lililoshirikisha Honda na watafiti wa Marekani lilifanikisha betri ya floraidi kwa joto la kawaida, ila kwa kurudi kwenye kimiminika.

Floraidi ya visimani

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika maji ya ardhini. Hiyo si mali ya kuuza. Hupimwa kwa miligramu katika lita, na ikizidi miligramu 1.5, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, inaweza kuharibu meno, na ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa.

Maji hayo ni adui wa betri pia. Anayejazia betri maji ya kisima huingiza chumvi zinazoharibu sahani za risasi.

Afanye nini?

Betri ya asidi ijazwe maji yaliyotoneshwa pekee, sahani zisibaki wazi, na isitumiwe chini ya nusu ya chaji. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma ni ghali mwanzoni, lakini hustahimili kutumika zaidi ya nusu na hudumu mizunguko mingi zaidi. Mnunuzi agawanye bei kwa miaka ya dhamana ndipo alinganishe.

Muuzaji anayekuja mnadani na "betri ya kioo" leo aulizwe risiti na dhamana ya maandishi. Akikosa, mteja abaki na fedha yake.