Kamati ya Harusi Ipo, ya Mbugani Je?

Wadau, Desemba ikikaribia hapa Dar utasikia mipango ya kila aina. Wa Moshi wanakata tiketi mapema, wengine wanaulizia boti ya Zanzibar. Lakini ni nadra kumsikia kijana mwenye kazi na digrii yake akisema, "Likizo hii nakwenda Ruaha." Mwulize kwa nini, atakujibu: mbuga ni za wazungu, sisi hela hatuna.

Mimi sikubaliani na jibu hilo.

Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi zetu hulipwa kwa shilingi, tena maelfu machache tu, wakati mgeni wa ng'ambo hutozwa makumi ya dola. Kinachoumiza ni usafiri na malazi. Gari la kukodi bei yake ni ile ile, muwe wawili au saba. Anayepanga peke yake lazima aghairi.

Sasa, kama kuna watu wanaojua kuchangishana, ni sisi! Tunaunda kamati, tunachagua mwenyekiti na mweka hazina, tunakusanya mamilioni kwa ajili ya sendofu na harusi ya usiku mmoja. Kamati ya watu saba, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, itashindwaje siku tatu za Mikumi? Ni kama kilomita 280 tu kutoka Dar, na barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi. Wengi wetu tumeshawaona twiga wa pale kupitia dirisha la basi, tukapitiliza.

Na si kila hifadhi inadai gari. Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Ukishuka Mang'ula, kwenye barabara ya Ifakara, unapewa mwongozaji, mnapanda msituni hadi maporomoko ya Sanje yanayoanguka mita 170. Msitu huo una mbega na nyani wasiopatikana kwingine kokote duniani. Kinachotakiwa ni viatu imara na pumzi.

Anayependa maua aende Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ambako wenyeji wanakuita Bustani ya Mungu. Maua huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo beba koti zito na ujiandae kwa tope. Anayetaka wanyama wengi kwa urahisi, asubiri kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanapokusanyika kwenye maji. Ndiyo maana kamati ianze Januari, siyo wiki ya likizo.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu sisi waandishi mara nyingi tunapelekwa mbugani pale waziri anapozindua kitu au tembo anapoua mtu. Msomaji naye anaijua hifadhi kwa habari hizo tu. Mwaka 2019, ujenzi wa bwawa la umeme la Julius Nyerere ulipoanza ndani ya Selous, watu walibishana sana vijiweni. Niliowasikia mimi, wa upande huu na ule, hawakuwa wamekanyaga kule hata siku moja. Utateteaje, au utakubalije kutoa sadaka, kitu usichokijua?

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu alitoa tamko lake la Arusha kuhusu wanyamapori (siyo lile Azimio la 1967). Aliahidi kufanya kila linalowezekana ili wajukuu wa watoto wetu waje kuufaidi urithi huu. Jamani, wajukuu wenyewe ndio sisi na wadogo zetu! Urithi tunaufaidi lini, kama kila mwaka tunawaachia wageni?

Haya, Januari hiyo inakuja. Nani anakuwa mweka hazina?

Naomba kuwasilisha.