Harusi haikwami, chuo chakwama

Mpenzi msomaji, hapa kwetu Mji wa Kale harusi haikwami. Ikishatangazwa Kibokoni au Mkunazini, kina mama hukaa wakagawana: huyu mchele, yule mbuzi, wale viti na maturubali. Simlaumu mtu, pilau yenyewe nami nimeila. Lakini binti wa nyumba hiyo hiyo akiitwa chuo kikuu, hesabu huachiwa babake peke yake. Kwa nini?

Kuchangia elimu ya juu si jambo geni kisiwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la MIOME. Ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Serikali ya kikoloni ilitoa fungu lake, lakini Aga Khan pia alitoa, Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja alitoa, na Mabohora wa Afrika Mashariki walitoa. Mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili, na leo wasichana wanasoma humo.

Ila siku zile za mwanzo palifundishwa ufundi wa umeme, mitambo na ubaharia, kazi zilizohesabiwa kuwa za wanaume. Sadaka ilikuwa kubwa, lakini binti hakuwamo katika hesabu. Anayetoa humfungulia mlango yule aliyemfikiria.

Sasa mkumbuke marehemu Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda kusoma Marekani pamoja na mamia ya vijana wenzake. Nafasi za masomo zilikuwako. Kilichokosekana ni nauli, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukailipa. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani.

Umeona, msomaji? Nauli tu! Na kwetu mambo ni yayo hayo. Mkopo wa serikali unaweza kusaidia karo, lakini nauli ya Nairobi, kodi ya chumba na godoro havingoji mkopo. Mvulana huambiwa, "Nenda, utajua huko huko." Msichana huulizwa atalala wapi, kisha huambiwa asubiri mwaka. Mwaka haujaisha, posa imeingia, na barua ya chuo imebaki sandukuni.

Kina mama, vyama mnavyo na kuchangishana mnakujua. Ongezeni fungu moja, na mlitaje kwa jina lake: fungu la binti anayekwenda chuo, la nauli na chumba cha muhula wa kwanza. Asilipishwe, akishaanza kazi, naye atie lake kwa ajili ya mwenziwe.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.