Mgombea, Maboma Yetu Umeyatengea Shilingi Ngapi?

Wananchi wa Tarime na Serengeti,

Majira ya kura yakifika, mgombea hupanda jukwaani Mugumu akaahidi barabara, akaenda Tarime akaahidi maji, akamalizia Nyamongo kwa kuahidi ajira. Tunampigia makofi, na ni haki, maana hayo yote tunayahitaji. Lakini liko swali moja ambalo hatumwulizi, nasi watu wa chama yatupasa kuona haya kwa hilo: mambo ya kale ya nchi yetu ya Mara yatalindwa na nani, na kwa fedha ipi?

Wako wanaojibu upesi kwamba mawe hayaliwi. Hao wavuke Sirari waende Migori wakatazame. Thimlich Ohinga ni boma la mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Mwaka 2018 liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Je, mawe ya Kenya yana thamani na ya kwetu hayana? Wazee wa Ngoreme husimulia jinsi walivyojenga maboma ya mawe katika karne ya 19 kujikinga na wavamizi. Waikoma wana Machaba, meno ya tembo matakatifu ambayo husimuliwa kuwa yalitoka kwa mtabiri wa Kitatoga. Wakurya wana mahali pa matambiko panapojulikana na wazee wa inchama. Ni kipi katika hivyo kilichowekewa hata kibao?

Wageni walitufanyia hila kubwa. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek akatoa filamu yake, na dunia ikaamini kuwa hapa ni nyumbani kwa nyumbu peke yao. Mwaka 1981 Serengeti ikaingia katika Urithi wa Dunia kwa sifa ya maumbile tu. Habari za binadamu aliyewinda, aliyelima na aliyezika wazazi wake pale hazikutajwa. Jirani yake Ngorongoro iliongezewa sifa ya utamaduni mwaka 2010. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Hatusemi wanyama wasilindwe. Twasema kwamba mzee hastahili kuhesabiwa mvamizi anapokwenda kutambika kwa babu zake.

Tusiwasingizie wageni peke yao. Sheria ya Mambo ya Kale ni yetu wenyewe, ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1886 na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Hata mlango wa nakshi unalindwa ukiwa umechongwa kabla ya mwaka 1940. Vema! Milango ya Bagamoyo ni mali ya taifa zima. Lakini mlima wa tambiko hauna tarehe ya kuchongwa, na chemchemi ya wahenga haina fundi aliyeijenga.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali penye historia pawe pa kulindwa. Kazi ya mbunge ni kumpelekea Waziri majina ya mahali hapo. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kazi ya diwani ni hiyo. Mgombea anayesema "hayo ni mambo ya Dodoma" ama hajui kazi anayoiomba, ama anaikimbia.

Fedha je? Makampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma kwa kadiri ya mauzo. Mgodi wa North Mara unachimba Tarime tangu mwaka 2002, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanautaka ukubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya huduma kwa jamii. Hoteli za Serengeti nazo zinafanya biashara juu ya ardhi ya babu zetu. Ikiwa tumeweza kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tutashindwaje kutenga nusu ya asilimia moja kwa historia? Hiyo haifungi zahanati hata moja. Kazi ya mwanzo ni nyepesi: kupima maboma, kuweka mipaka, kuwalipa vijana wenye elimu wakaandike maneno ya wazee. Kusafisha vichaka tutafanya wenyewe kwa risaga.

Jambo hili halingoji. Ukuta ukibomolewa kwa ajili ya mawe ya msingi wa nyumba haurudi, na mzee akizikwa amekwenda na maktaba yake. Mwalimu wa Mugumu atamfundisha mtoto habari za Kilwa na Olduvai, naye afanya vema, lakini boma lililo nyuma ya shule atalipita kama kichuguu.

Kwa hiyo, wanachama, katika kila tawi mgombea aulizwe maswali matatu, hata akiwa wa chama chetu, na hasa akiwa wa chama chetu. Mahali gani utapapeleka kwa Waziri? Sheria ndogo gani utaitetea barazani? Katika bajeti ya kwanza utatenga shilingi ngapi? Majibu yaandikwe na katibu katika daftari la tawi, yasomwe hadharani kila mwaka.

Asiye na jibu arudi nyumbani akajifunze. Kura zetu zitamngoja.