Bando Ni Mali ya Aliyelinunua

Asubuhi moja ya juma lililopita, katika kipindi cha redio ambacho abiria wa daladala hulazimika kukisikiliza watake wasitake, mzungumzaji mmoja aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa biashara za mtandaoni alitamka, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala, kwamba kila atumiaye programu ya kuzuia matangazo katika simu yake ni mwizi, kwa kuwa husoma habari pasipo kulipa ujira wake. Na mtangazaji, badala ya kumdai ithibati, akamwitikia kuwa ni kweli. Kauli hii nimekwisha kuisikia hata vinywani mwa watu wenye akili timamu, na siku hizi husemwa kana kwamba ni kadhia iliyokwisha kuhukumiwa. Mimi naikataa, kwa sababu inamsimamisha aliyeibiwa kizimbani na kumwacha mwizi akae kitini pa kadhi.

Na tuanze na mali. Bando ninalolitumia sikupewa sadaka. Nimelinunua kwa shilingi zangu, nalo hupungua kwa kila kinachoshuka katika simu yangu, kiwe ni kitu nilichokiomba au nisichokiomba. Habari ya maneno 600, ikiwa ni herufi tupu, haizidi kilobaiti 5, na hivyo megabaiti 1 ingetosha kubeba habari 200 za namna hiyo. Lakini mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilipopima kurasa za mwanzo za magazeti 50 mashuhuri kama zinavyofunguka katika simu, lilikuta kwamba zaidi ya nusu ya data yote ilikuwa ni ya matangazo. Ukurasa wa Boston.com peke yake ulikuwa na uzito wa megabaiti 19.4, na matangazo yalipozuiwa ukabaki na 4 tu. Hizo 15 na ushei alizilipia nani? Si mwenye gazeti, wala si mwenye sabuni iliyotangazwa. Alizilipia msomaji, ambaye Marekani aghalabu hulipa kwa mwezi na hajali, lakini hapa kwetu hununua bando la siku la shilingi 1,000 na kulihesabu kama mfungaji anavyohesabu dakika za magharibi. Mtu akiitwaa mali yangu bila idhini yangu, akaitumia kwa faida yake, kisha mimi nikafunga mlango, mwizi ni yeye.

Fauka ya hayo, laiti lingekuwa ni tangazo tupu ningestahimili. Ukurasa unapofunguka, kabla jicho halijafika mstari wa kwanza, hupigwa mnada wa sehemu ndogo ya sekunde, na katika mnada huo aina ya simu yako, mahali ulipo na jambo unalolisoma hupelekwa kwa makampuni mengi kwa pamoja ili yashindane kwa bei ya kukuonyesha tangazo. Anayeshinda ni mmoja. Walakini walioshindwa nao wamekwisha kuzipata habari zako, nao hawazirudishi. Mwanamke anayesoma usiku juu ya maradhi ya titi amewaarifu wafanyabiashara asiowajua kabla hajamwarifu mumewe. Hiyo si biashara ya matangazo, ni ujasusi, na anayetaka niuite kwa jina jingine anataka nimsaidie kuuficha.

Shangazi yangu wa Tanga, mwalimu mstaafu, alikuwa akitafuta matokeo ya kidato cha nne ya mjukuu wake, akaangukia katika ukurasa mmojawapo wa zile zinazonakili matokeo ya mitihani ili kuvuna wapitaji. Humo akakuta vitufe vitatu vya kijani vilivyoandikwa PAKUA, vyote vikubwa, vyote vikimetameta, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha matokeo. Matokeo yenyewe yaliwekwa chini kabisa, katika mstari mwembamba wa buluu ambao macho ya umri wake hayakuweza kuuona. Alipobofya cha kwanza, kioo kikageuka chekundu na kumwambia kwamba simu yake imeingiwa na virusi 13, na kwamba asipobofya tena upesi itaharibika. Akabofya, maana aliogopa. Tangu hapo kila alfajiri simu ikawa inapokea ujumbe wa mapenzi wa kulipia, na vocha aliyowekewa na wanawe ikawa inakwisha pasipo yeye kumpigia mtu. Nilipomuuliza kwa nini alikubali, akanijibu, "Baba, mimi nilidhani ni serikali inayonitahadharisha." Basi mtaalamu wa redioni na aje Tanga amwambie mama huyu kwamba, lau angalikuwa na kizuizi katika simu yake siku ile, angalikuwa mwizi.

Wala asiniambie kwamba hayo ni ya kurasa za vichochoroni. Mwezi Machi 2016 matangazo yenye programu haramu zinazofunga kompyuta na kudai fidia yalipenya hadi kwa wasomaji wa The New York Times na BBC, kwa kupitia mawakala wa matangazo ambao wenye magazeti waliwaamini. Na Desemba 2022 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ambayo haijapata kusifika kwa kuwatetea wezi, iliwashauri raia watumie programu za kuzuia matangazo wanapotafuta mambo mtandaoni. Kuhusu huo wizi wenyewe, kampuni ya magazeti ya Axel Springer iliwashitaki watu wa Eyeo, wenye programu ya kuzuia matangazo ya Adblock Plus, na Aprili 2018 mahakama ya juu ya Ujerumani ikaamua kwamba kazi yao si ushindani haramu.

Wapo wanaosema kwamba mtu mwema hana cha kuficha. Hoja hii ni dhaifu hata kuijibu ni kuikirimu. Anayeisema na aifungue simu yake ndani ya daladala, awasomee abiria jumbe zake moja baada ya moja tangu Mbagala hadi Kariakoo. Na kama hawezi, basi ajue kwamba anayo sitara yake kama sisi, na hana haki ya kuigawa yetu.

Wenye biashara hii ya matangazo ndio waliotuletea matangazo ya kubeti, ambayo sasa humfuata mtoto wa darasa la sita hadi katika ukurasa anaotafutia maana ya usanisinuru. Na ndio wanaotuma usiku wa manane ujumbe wa "Hongera, umechaguliwa", hata mgonjwa anayengoja habari ya nduguye aliyeko hospitali nyingine huinuka kwa pigo la moyo kusoma upuuzi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tunazo: Kenya tangu 2019, na ya Tanzania ilipitishwa 2022 ikaanza kazi Mei 2023. Lakini idhini inayotajwa na sheria hizo huchukuliwa kwa kitufe kipana cha KUBALI ZOTE, huku cha kukataa kikifichwa nyuma ya milango mitatu, ghiliba ambayo kwayo Ufaransa ilitangaza mwezi Januari 2022 kuitoza Google faini ya euro milioni 150.

Basi msomaji asingoje kuhurumiwa, aweke kizuizi mwenyewe. Kivinjari cha Chrome katika simu hakipokei viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kazi, wala hilo halistaajabishi, kwa kuwa mwenyewe, Google, ni mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa matangazo duniani; lakini Firefox ya Android inavipokea, na humo mtu aweza kuweka kizuizi cha matangazo cha uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, ambaye hatozi hata senti na hukataa hata michango ya hiari. Ni shughuli ya dakika chache, na kijana yeyote nyumbani aweza kumfanyia mama yake.

Ama wenye magazeti wanaolia njaa, nawaambia hivi: chukueni picha ya bidhaa, iwekeni wenyewe katika ukurasa wenu, itulie, isiimbe, isimfuate mtu, isimpelekee wakala wa mbali habari za msomaji wenu, na mtangazaji awalipe nyinyi moja kwa moja kama alivyokuwa akilipa gazeti la karatasi. Tangazo la namna hiyo nitalipokea, nitalisoma, na megabaiti zake nitazilipia mimi.