Kidole Kwanza, Skani Baadaye

Anayefuata ligi pale uwanja wa Bukhungu ameshaliona hili. Winga anachomoka kukimbilia pasi ya pembeni, ghafla anasimama wima, mkono umeshika nyuma ya paja. Jukwaani utabiri unaanza: amekazwa tu, hapana, amechanika, huyo anapoteza muda. Anapuliziwa spre, anachuliwa haraka haraka, anarudi kucheza. Wiki inayofuata hayumo kikosini, na hakuna anayeuliza.

Toleo hili tumelitenga kwa majeraha ya misuli, na hoja yangu ni hii: soka ya Kakamega inalilia mashine, ilhali kinachokosekana ni uchunguzi wa utulivu na mtu mwenye uwezo wa kusema "huyu hachezi", akasikika.

Tuwatazame kwanza wenye mashine. Daktari Jan Ekstrand wa Uswidi na wenzake wamekuwa wakifuatilia vilabu vikubwa vya Ulaya tangu 2001. Mwaka 2011 walitoa hesabu: karibu thuluthi ya majeraha yanayomweka mchezaji nje ni ya misuli, na kikosi cha watu 25 kitarajie kama 15 kwa msimu. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayoongoza. Asilimia 16 yalikuwa majeraha ya kurudia, na haya yaliwakalisha wachezaji nje muda mrefu kuliko yale ya kwanza. Hao ni watu ambao skani ya MRI kwao si ndoto.

Huko Doha, hospitali ya Aspetar ilichunguza wanamichezo 180 walioumia misuli ya nyuma ya paja. Maelezo ya mgonjwa na mikono ya mtabibu vilipokwisha kusema vyake, MRI iliongeza chini ya asilimia 3 tu katika uwezo wa kukadiria siku ya kurudi uwanjani.

Mikono hiyo hufanya nini? Mchezaji analala kifudifudi. Mtabibu anatafuta mfupa wa kukalia, kisha anashuka kidole kwa kidole mpaka kijana arushe mguu. Anapima maumivu yanaanzia wapi na yameenea urefu gani, kwa sababu jeraha lililo karibu na mfupa mara nyingi huchelewa kupona. Anamwambia akunje goti huku yeye akilizuia. Anainua mguu ulionyooka, kisha ule mzima, analinganisha. Yote yanaandikwa, na baada ya siku chache yanarudiwa. Skani ina mahali pake: damu ikivilia mpaka nyuma ya goti na mchezaji hawezi kukanyaga, huenda kano imeng'oka mfupani, na hapo hospitali haina mjadala.

Neno kuhusu kuchua, najua litawaudhi wengi. Paja lililopigwa goti likachuliwa kwa nguvu siku za mwanzo, au likakandwa kwa maji moto, linaweza kuzidi kuvuja damu ndani, na wakati mwingine mfupa huota katikati ya msuli. Lifungwe bandeji, lipumzishwe, kisha mwendo uanze taratibu.

Tatizo kubwa zaidi liko mfukoni. Mchezaji anayeishi kwa posho ya mechi ataficha maumivu, nami simlaumu. Kocha anayehesabiwa pointi atamwamini upesi. Mtabibu, ikiwa yupo, mara nyingi ni wa kujitolea; nani atamsikiliza dakika kumi kabla ya kipenga?

Hata kinga haihitaji bajeti. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole akijizuia kwa nguvu za mapaja. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa timu zinazofanya zoezi hili hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa takriban nusu. Timu huliacha kwa sababu wiki za mwanzo linauma, na mazoezi yanayouma hayapendwi.

Basi tunavipendekezea vilabu vya kaunti hii mambo mawili kabla ya msimu ujao. Orodha ya kikosi isimfikie mwamuzi bila sahihi ya mtabibu wa viungo. Na aliyeumia akiichezea timu alipwe posho yake ya mechi mpaka atakaporuhusiwa kurudi. Kocha au mwenyekiti mwenye pingamizi, ukurasa wa barua uko wazi.