Bi Harusi, Nyama Usiikimbie

Kila msimu wa harusi hapa Kengeja tunawaona mabiharusi wanaojikondesha wakiikimbia nyama ya ng'ombe, huku soda na chapati za usiku ziko pale pale. Hilo hatulikubali. Steki iliyotolewa shahamu, ikatiwa thomu, tangawizi na ndimu, ikabanikwa bila samli, gramu 100 zake zina zaidi ya gramu 25 za protini. Inashibisha, tena ina madini ya chuma, nasi damu tunaipoteza kila mwezi. Punguza wali wa nazi, mchicha ujae sahani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, hakusema tulale njaa. Ukizimia siku ya kupambwa, nani atakubeba na hina haijakauka?