Draiva ya LED Ikipata Moto, Pima Kabla ya Kuipoza

Kuna ushauri ambao mafundi wetu wanapenda kuutoa nami siukubali: draiva ya LED ikipata moto, ifungie kipande cha alumini ipoe. Kwetu sisi waandishi wa programu, huko ni kuficha ujumbe wa hitilafu badala ya kuusoma.

Chukua saketi ambayo wengi wenu mmeiunda. Betri ya volti 12, LED moja nyeupe ya wati 1, na LM317 yenye rezista ya omu 3.6 ili ipitishe miliampea 350 hivi. Inawaka vizuri, halafu baada ya dakika chache inafifia. Gusa chipu, kidole kinaruka chenyewe! Basi utasikia, "chipu hii ni feki." Huenda (feki ziko tele), lakini kwanza toa mita upime.

Betri iliyojaa ina volti 12.6. LED inachukua 3.2. Zile 9.4 zilizobaki zinaliwa na LM317 pamoja na rezista yake. Zidisha kwa ampea 0.35: wati 3.3 za joto tupu, LED yenyewe ikipata 1.1. Yaani robo tatu ya betri inapasha chipu moto. LM317 ina kinga ndani yake, ikizidiwa na joto inapunguza mkondo wa umeme, ndiyo maana taa inafifia bila kufa.

Ukifunga alumini, chipu itapoa kweli, ila betri itaisha vilevile. Mama anayeuza mboga usiku kwa taa hiyo umemsaidia nini?

Afadhali uongeze LED ya pili, zifuatane kwenye waya mmoja. Mkondo ni uleule, mwanga mara mbili, na joto linashuka hadi wati 2.2. Bora zaidi ni draiva ya koili, ile inayowasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, LED moja itavuta wati 1.3 kwenye betri badala ya 4.4. Hesabu mwenyewe saa zinazoongezeka.

Nayo ikipata moto, tazama dayodi. Watu huweka 1N4007 kwa sababu iko kila duka, lakini hiyo ni ya umeme wa hezi 50, inachelewa mno kujifunga. Weka 1N5819. Bado inaunguza? Koili ni ndogo, tafuta inayobeba mkondo mkubwa zaidi.